Zamu ya Waliozaliwa Miaka ya Shufwa

Dolgol, Goesan
Aprili 2, 2018

Mkwe wangu Seulgi,

Usishtuke. Hakuna aliyekufa. Ni mimi, mama yake Gwanho, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa letu la kusoma na kuandika la pale ukumbini limefika mahali pa barua, na mwalimu kasema kila mmoja amwandikie anayempenda. Mama Yongtae kamwandikia mbwa wake. Mimi nimekuchagua wewe, kwa sababu Gwanho hata umwandikie hasomi, anatafuta picha tu, tangu utotoni.

Mwalimu alisahihisha mistari ya mwanzo, kisha nikamnyang'anya. Mengine hayamhusu.

Jumapili Gwanho aliponipigia nilimuuliza uko wapi. Akasema, "Ametoka, alikuwa na miadi hospitali ya wanawake." Halafu akakohoa, akaanza kuniuliza habari za mbolea. Gwanho na mbolea! Mtu anayeuza miwani mjini, tangu mfunge ndoa hajawahi kuuliza shamba linakula nini. Mimi si mjinga, mkwe wangu. Najua mwanamke kijana hufuata nini hospitali ya wanawake.

Sitauliza neno. Ila nimekutumia kifurushi. Kuna mafuta ya ufuta ya kwetu, kuna mboga za mlimani nilizokausha, na kuna ule mwani mpana wa supu, ambao haukukatwa wala kukunjwa. Unajua ni supu ya nani, ya mama mzazi. Vitu vizito usinyanyue. Na huko kazini waambie wakupe ukague lifti za majengo mafupi.

Huku hakuna jipya. Muuguzi wa kituo cha afya kabandika karatasi mlangoni mwa ukumbi, kwamba wanawake waliozaliwa miaka ya shufwa waende kupimwa saratani huko chini. Nimeisoma yote bila kusaidiwa! Mama Yongtae akasema, "Sisi watupime nini? Kisima kilikauka zamani." Tukacheka mpaka wali ukaungua.

Mama mkwe wako,
Eom Bongnim


Incheon
Aprili 11, 2018

Shikamoo Mama,

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi za jengo, kofia ya kazi kichwani, fundi mwenzangu ananiita na mimi simsikii. Herufi zako zimesimama wima kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Nimeiweka ndani ya koti na sitaki kuitoa.

Lakini Mama, nisamehe. Sina mimba. Supu tumeinywa wenyewe, mimi na mwanao, na yeye alikunywa zaidi, kwa hiyo tukisubiri mtoto tumtazame yeye.

Hospitali nilikwenda kupimwa mlango wa kizazi, kipimo kile kile cha karatasi mliyoicheka. Kila mwanamke kuanzia miaka ishirini anaitwa baada ya kila miaka miwili, bure. Mwaka wa shufwa ni zamu ya waliozaliwa shufwa, mwaka wa witiri ni zamu ya witiri. Mimi ni wa themanini na nne. Wewe ni wa hamsini, mwaka wa vita. Mwaka huu ni wetu sote wawili, Mama. Ile karatasi ilikuwa inakuita wewe.

Najua utasema huumwi. Mimi nakagua lifti kila siku, na hajatokea mtu kuniuliza, "Kwani imeharibika?" Tunakagua ndipo isiharibike. Daktari anakutazama, anapitisha brashi ndogo, unavaa, unaondoka. Nenda na yule muuguzi wenu, tafadhali. Na huyo Mama Yongtae mwambie hawapimi kisima, wanapima mlango.

Majibu yangu bado sijapata.

Mkwe wako,
Tak Seulgi


Dolgol
Aprili 20, 2018

Seulgi,

Sasa nitauweka wapi uso wangu? Nilishamwambia Mama Yongtae. Kumwambia Mama Yongtae ni sawa na kupanda juu ya paa na kipaza sauti. Kijiji kizima kinanipongeza. Mzee wa duka la mbegu kanipa miche ya pilipili ya ziada "kwa ajili ya mjukuu." Nimeichukua, nifanyeje, nimrudishie?

Kuhusu kupimwa, sikiliza. Mimi ni mjane tangu Gwanho yuko shule ya kati. Huko unakokusema hakuna aliyekutazama tangu siku nilipomzaa, na nilimzaa kwenye chumba hiki hiki ninachoandikia, mkunga akiwa mama mkwe wangu mimi. Sasa nikiwa na miaka sitini na nane nimpandishie miguu kijana wa watu? Kwa lipi? Siumwi. Napanda mlima, nabeba gunia, nakula bakuli mbili.

Lifti ni chuma, mkwe wangu. Mimi si chuma.

Mwezi ujao tunapanda pilipili. Msije, mtakanyaga miche. Na majibu yako yakija uniambie.

Mama


Incheon
Mei 6, 2018

Mama mpendwa,

Nilipokuandikia kwamba majibu bado, nilikuwa nayo mfukoni. Yalisema chembe za mlango wa kizazi changu zimebadilika. Wakaniita tena, wakanitazama kwa darubini, wakakata vinyama viwili vitatu wakavipima. Daktari ni mama wa makamo mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Akaniambia, "Hii si saratani. Ni njia inayoelekea huko, na wewe umeshakwenda mwendo kidogo. Tukikata sasa, safari inaishia hapa."

Nikamuuliza, "Na kama nisingekuja?"

"Ungekuja miaka ya mbele, unaumwa. Tungekuwa na mazungumzo mengine."

Mama, sikuwa naumwa. Sikuona damu, sikuona lolote. Mimi pia nilikuwa nakula bakuli mbili.

Tarehe ishirini na nne watakata kipande kidogo chenye umbo la pia, nitalala siku moja, basi. Gwanho anajua. Mimi ndiye niliyemwapisha asikwambie, na ndiyo maana akakimbilia kwenye mbolea. Usimgombeze.

Nilificha kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza unalijua, ni mtoto. Daktari anasema bado naweza kuzaa, ila mimba italindwa kwa karibu zaidi. La pili ni gumu kuandika. Kinacholeta ugonjwa huu ni kirusi, na kinapita kati ya mwanamume na mwanamke. Dada mmoja kazini nilipomweleza alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, halafu akasema, "Aisee." Aisee, tu. Daktari anasema karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu hukutana nacho, mwili kwa kawaida hukifukuza, na kwa wachache hukaa kimya miaka mingi mpaka hakuna awezaye kusema kilitoka wapi. Hakisemi lolote kuhusu tabia ya mtu.

Mimi namwamini. Lakini niliogopa, Mama, kwamba na wewe ungenitazama kuanzia kofia hadi viatu.

Seulgi


Dolgol
Mei 10, 2018

Mwanangu,

Huyo dada wa kazini kwako, siku nikija Incheon nionyeshe. Nitamtazama mimi.

Sasa sikiliza. Baba yake Gwanho, kabla Gwanho hajazaliwa, alikwenda kujenga barabara huko jangwani kwa Waarabu, miaka. Alirudi mweusi, amekonda, ana redio kubwa. Sikumuuliza alikula wapi wala alilala wapi. Nikianza kukuhesabia wewe itabidi nimhesabie na yeye, na yeye yuko kaburini, hawezi kujitetea. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna anayemhesabia mtu. Yameisha.

Mtoto akija atakuja. Asipokuja, nina wewe wa kugombana naye, na unanitosha kweli kweli.

Tarehe ishirini na nne nitakuwa hapo. Usiniambie kuhusu shamba, miche imeshaingia ardhini na haitaondoka. Kuku wa kuchemsha nakuja naye.

Jambo dogo. Mama Yongtae anauliza. Hicho kirusi kinaweza kukaa kimya hata miaka thelathini? Na mwanamke aliyekoma hedhi siku nyingi, akiona damu kidogo kwenye nguo baada ya kazi ya kuinama, ni nini? Pengine ni kuchubuka tu. Yeye ndiye anauliza.

Mama


Incheon
Juni 4, 2018

Shikamoo Mama,

Umeniachia friji isiyofungika. Kimchi, ile achari yako ya mabua ya vitunguu, imekaa juu ya dawa zangu, na chumba chote kinanuka kwenu. Usije ukaniuliza kama napenda. Nalia nikiifungua.

Wauguzi bado wanakuulizia. Yule mdogo aliniambia, "Mama yako alinikamata korido akaniuliza kama daktari ananawa mikono." Nikamwambia si mama yangu, ni mama mkwe. Hakuniamini. Akasema mama mkwe wake yeye angeuliza kwanza kama kizazi bado kipo.

Majibu ya kile kipande yametoka. Ukingo ni safi kuzunguka pande zote, ubaya wote umetoka pamoja nacho. Novemba nirudi kupimwa, halafu niwe narudi wanavyonipangia, na sitapitisha tena hata zamu moja kwa kisingizio cha kazi. Daktari aliposema "safi," Gwanho alimwinamia mpaka miwani ikamdondoka. Muuza miwani!

Sasa swali la Mama Yongtae. Nilimuuliza daktari, na hakutabasamu. Kwanza, ndiyo, kirusi kinaweza kukaa miaka thelathini. Kwa hiyo ujane si kinga, na uzee si kinga. Kuna umri wa kuacha kupimwa, lakini ni kwa yule ambaye amekuwa akipimwa miaka yote na majibu yake ni safi. Ambaye hajapimwa maishani hana cha kuacha, hajaanza. Pili, mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, hasubiri zamu ya shufwa wala ya witiri. Anakwenda sasa. Mara nyingi huwa si kitu kikubwa, lakini hawezi kujua akiwa amekaa nyumbani.

Mama, mwambie leo. Mshike mkono umpeleke. Nasikitika kwa sababu anapenda mzaha, na wenye mzaha ndio huchelewa.

Seulgi


Dolgol
Juni 20, 2018

Mkwe wangu,

Nimempeleka Mama Yongtae. Muuguzi alituchukua kwa gari lake hadi mjini.

Kile kiti, mwanangu! Kimetengenezwa na mtu asiye na mama. Unapandisha mguu huku na mguu kule kama chura aliyepigwa na lori. Na daktari ni kijana, mashavu kama tofaa. Akamwambia Mama Yongtae, "Bibi, legeza miguu."

Mama Yongtae akamjibu, "Kijana, miguu hii imebeba magunia tangu kabla baba yako hajaota meno. Haijawahi kuambiwa ilegee."

Daktari akacheka, akamwita muuguzi wa kike amshike mkono. Wakatia kitu cha plastiki kama mdomo wa bata, kikawa cha baridi, kisha brashi. Mama Yongtae alikuwa bado anatafuta tusi la kutosha, akasikia, "Tayari."

"Tayari nini?"

"Tumemaliza, bibi."

Alikasirika. Maisha yote kuogopa kitu kinachokwisha kabla chai haijapoa! Akateremka, akavaa, akamwambia kijana, "Mpe mama yako salamu zangu, na umpime na yeye."

Majibu yake yatakuja. Pilipili zimeanza kuchanua. Joto la mwaka huu si la kawaida, mbwa wa Mama Yongtae halali kibarazani, analala ndani ya beseni.

Mama


Incheon
Juni 26, 2018

Mama,

Naandika haraka ili barua ifike kabla yetu.

Jana nilimpigia simu Mama Yongtae kumpongeza. Nikamwambia, "Hongera, Mama, umekuwa jasiri."

"Jasiri wa nini tena?"

"Kwenda kupimwa."

Akaangua kicheko, nikasogeza simu mbali na sikio. "Mimi? Mwanangu, mimi nilikuwa nje ya mlango nimeshika mkoba wa mama mkwe wako! Mimi ni wa witiri, zamu yangu mwakani!" Halafu kicheko kikakatika. "Kwani hakukwambia?"

Ameniambia yote. Kwamba damu ulianza kuiona tangu mlipotandaza nailoni shambani kabla ya kupanda. Kwamba majibu yametoka tangu wiki iliyopita, muuguzi amekuja nyumbani mara kwa mara kukuambia uende hospitali kubwa ya Cheongju wakate kinyama, na wewe umemwambia, "Nikishavuna." Mama Yongtae alikuwa analia. Mwanamke yule, analia! Akaniambia, "Alinikataza nisiseme, na mimi nimenyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na angalia sasa."

Mama, mimi siwezi kukulazimisha. Lakini nitakuambia ninachokijua kwa kazi yangu. Wenye majengo wote huniambia subiri tumalize msimu, subiri wapangaji wahamie, subiri sikukuu ipite. Lifti haisubiri. Pilipili zikiachwa kidogo zinaiva zaidi, tutazichuma. Na hiki ulicho nacho, kikiachwa kinaiva.

Jumamosi asubuhi tuko hapo. Jumatatu una miadi Cheongju, nimeshaipanga, kwa jina lako kamili. Ukitaka kunifungia geti, lifunge. Najua kufungua milango iliyokwama.

Seulgi


Dolgol
Julai 3, 2018

Seulgi,

Mmeondoka asubuhi hii na mimi nakaa kuandika kwa sababu mdomoni sikuweza.

Jana pale Cheongju, daktari alipotoka na kutaja ile saratani kwa jina lake, hata kabla ya majibu ya kinyama, ulinishika kiwiko. Hukusema, "Si nilikuambia." Nilikuwa nangoja useme ili nikukasirikie nisahau kuogopa. Hukusema.

Kisu sikiogopi. Nimezaliwa chini ya mabomu. Nilichoogopa ni kwamba wewe umetoka kukatwa majuzi, ukisikia na mimi ninacho, utajiuliza umeolewa katika nyumba gani. Na Gwanho, atawauguza wanawake wangapi? Nikaona bora mtu mmoja abaki mzima machoni penu.

Mama Yongtae nimemnunia siku moja. Ya pili alikuja na tikiti maji, tukala bila kusema, ya tatu tukaanza kusema.

Nitakwenda kukatwa tarehe waliyosema. Sharti langu ni hili: Gwanho asiguse pilipili. Anachuma mbichi. Wewe chuma zilizo nyekundu mpaka kwenye kikonyo, asubuhi kabla jua halijakuwa kali, na usizianike juu ya saruji, zitageuka nyeupe.

Mama


Dolgol
Julai 28, 2018

Kwako Mama, wodini Cheongju,

Gwanho anakuja kukuona kesho na ataibeba hii. Yeye atakuambia kila kitu kinakwenda vizuri. Mimi nitakuambia ukweli.

Joto limetushinda. Tunaingia shambani alfajiri, na jua likishapanda kipaza sauti cha kijiji kinapiga kelele, "Wazee wote watoke mashambani, narudia, watoke mashambani!" na hakuna anayetoka isipokuwa mimi. Mgongo wangu si wangu tena. Nimevaa suruali yako ya maua na kofia yako ya pazia, na yule mzee wa duka la mbegu alinipungia mkono akasema, "Mama Gwanho, kumbe umesharudi!" Basi ujue jinsi nilivyoharibika.

Pilipili za kwanza zimekauka vizuri. Chache zimegeuka nyeupe. Gwanho aligusa. Nilimkuta, nikamfukuza.

Nakaa chumbani kwako, kitandiko karibu na dirisha. Mama Yongtae ananiletea tambi baridi mchana na hataki kuondoka mpaka nimalize. Jana walikuja wengine wanne, wakakaa kibarazani wakijifanya wanachambua vitunguu saumu. Walikuwa wanazungukazunguka. Mwishowe mmoja akauliza, "Mama Gwanho amefanyiwa nini hasa?" Nikawaza, niseme au nisiseme, si siri yangu. Halafu nikakumbuka ulivyoniambia siku ile kabla hawajakuingiza: "Wakiuliza, waambie. Wasinibunie kifo." Nikawaambia. Na yangu pia nikawaambia.

Hakuna aliyenitazama kuanzia kofia hadi viatu. Yule mwembamba wa nyumba ya bluu aliinamisha kichwa akasema, "Mimi pia naonaga damu." Muuguzi amempeleka leo.

Niandikie daktari kasemaje. Gwanho anasema "vizuri" kwa kila kitu, hata mvua.

Seulgi


Cheongju, hospitali, kitanda cha dirishani
Agosti 2, 2018

Mwanangu,

Naandika nimelala, kwa hiyo herufi nazo zimelala.

Kizazi kimetoka. Nilidhani nitakililia, sikukililia. Kilimzaa Gwanho, kikafanya kazi yake, kimestaafu. Tumbo linauma nikicheka, na mwenzangu wa kitanda cha pili ni mchekeshaji, muuza samaki wa sokoni, tunateseka.

Daktari amekuja leo na majibu. Nilimwambia aseme polepole, na aniambie mimi, si mwanangu aliyesimama nyuma yangu anajipangusa jasho. Akasema haijasambaa. Zile tezi walizotoa kuzipima zote hazina kitu. Hakuna kuchomwa mionzi, hakuna dawa za kung'oa nywele. Kuja kutazamwa tu, kila baada ya miezi kadhaa, kwa miaka.

Nikamuuliza, "Ningengoja mavuno yaishe?"

Akasema, "Sijui, mama. Pengine ingekuwa hivi hivi. Pengine isingekuwa."

Nimempenda kwa jibu hilo. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unapimwa lini kabla ya hapa?" Nikasema, "Kabla ya hapa ni kamwe," nikamsimulia na habari zako. Akasema, "Mkweo wewe walimkata kipande kama ncha ya kidole, akalala siku moja. Wewe tumekutoa kizazi kizima na umelala hapa juma. Tofauti yenu ni hiyo tu, yeye alitangulia kukaguliwa."

Hiyo nilimwambia arudie, ili niiandike sawasawa. Nimeiandika. Ndiyo hiyo hapo juu.

Pilipili nyeupe mpe Mama Yongtae, anapenda vya bure.

Mama


Dolgol
Oktoba 12, 2018

Mkwe wangu Seulgi,

Kimchi ya akiba ya majira ya baridi mwaka huu tutaitia wote, msijisingizie kazi. Kovu limepona, nainama, nanyanyua ndoo ndogo, ndoo kubwa ananyanyua Mama Yongtae kwa amri ya daktari, na ananikumbusha kila mara kwamba ni kwa amri ya daktari. Novemba tunakwenda kutazamwa sote wawili, wewe kwako na mimi Cheongju. Yako ikiwa safi nipigie simu usiandike, barua inachelewa.

Lakini nilitaka kukusimulia ya majuzi.

Siku ya sikukuu ya herufi zetu, mwalimu alituandalia kisomo pale ukumbini. Kila mwanafunzi asimame asome alichoandika. Watu walijaa, hata wanaume, walisikia kuna mkate wa mchele. Mama Yongtae akasoma ile barua ya mbwa, watu wakavunjika mbavu. Mwingine akasoma kuhusu mume wake, mume akatoka nje kuvuta sigara. Halafu mimi.

Mwalimu alidhani nitasoma kuhusu vuli. Nilikuwa nimemwonyesha ya vuli.

Nikasimama, nikakunjua karatasi. Nikasoma: "Mimi ni Eom Bongnim. Nimezaliwa mwaka wa vita. Mwaka huu nilikuwa na saratani ya mlango wa kizazi."

Mtu akazima birika.

Nikaendelea. Nikasema sikuwa naumwa, ila niliona damu nikaisingizia kazi. Nikasema ugonjwa huu hauangalii tabia ya mtu, hauangalii kama una mume au umezika mume. Nikasema binti zetu na wajukuu zetu, kuanzia miaka ishirini, wapimwe kila baada ya miaka miwili, na wasichana wadogo wa shule za kati kuna chanjo, wapelekwe. Nikasema sisi wazee ambao hatujawahi kupimwa tusijidanganye kwamba tumevuka. Nikasema aliyepitwa na zamu ya mwaka jana amwambie muuguzi, ataingizwa mwaka huu. Nikasema kesho gari la kanisa linakwenda mjini na bado lina nafasi. Nikasema waliokwisha kupimwa hapa kijijini tangu Agosti mko humu, na mko hai, na mmekuja kula mkate wa mchele.

Kufikia hapo kiongozi wa kijiji alikuwa anatazama viatu vyake. Wanaume wote walikuwa wanatazama viatu, hujawahi kuona viatu vinatazamwa namna ile. Akakohoa, akasema, "Asante, Mama Gwanho. Haya mengine labda myamalizie huko kwenu jikoni."

Nikamjibu, "Jikoni tuliyasema miaka yote, ndiyo maana hayakusikika."

Mama Yongtae akapiga makofi peke yake. Nikadhani ndiyo mwisho, nikaanza kukunja karatasi.

Ndipo mke wa kiongozi akasimama. Unamjua, yule mpole, wa kukaa nyuma, tangu aolewe hapa sijamsikia akizungumza kwenye mkutano. Mumewe akamvuta upindo wa sweta, akamwambia kwa sauti ya chini, "Keti."

Hakuketi. Alinitazama mimi, akauliza kwa sauti ambayo hata walio nje wanavuta sigara waliisikia:

"Hilo gari kesho linaondoka saa ngapi?"

Mama yako,
Eom Bongnim